Donoghue dhidi ya Stevenson

Donoghue dhidi ya Stevenson ni kesi ya Uskoti iliyoamuliwa mwaka 1932 na Baraza la Malodi la Uingereza. Ndiyo msingi wa sheria ya kisasa ya uzembe katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza.

Mnamo Agosti 1928, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi katika mgahawa mmoja mjini Paisley. Alidai kuwa chupa, ambayo haikuonyesha kilichomo, ilitoa mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua. Kwa kuwa si yeye aliyeinunua, hakuwa na mkataba na muuzaji. Hivyo alimdai fidia mtengenezaji, David Stevenson.

Kwa kura 3 dhidi ya 2, majaji waliamua kuwa mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji. Lodi Atkin alieleza kuwa kila mtu anapaswa kujihadhari asimdhuru jirani yake, yaani yeyote anayeweza kutarajiwa kuathiriwa moja kwa moja na tendo lake. Kuwapo kwa konokono hakukuthibitishwa kamwe mahakamani, kwani shauri lilimalizwa kwa makubaliano.

Wanafunzi wa ngazi ya juu wa sheria ya madhara huisoma sambamba na kesi za Hedley Byrne, Anns, Caparo (1990) na Robinson (2018), zilizopanua, kubana au kufafanua wajibu huo. Tanzania Bara, ambako sheria ya Kiingereza ilipokewa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, uamuzi huo una nguvu ya ushawishi tu.