Rupia Iliyoishia Kidoleni

Rupia ya Mjerumani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Upande mmoja alikaa Kaisari Wilhelm wa Pili, masharubu yamesimama, kofia ya chuma yenye tai kichwani. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 zilikuwa fedha tupu. Pete ya "silva" unayouziwa leo Songea au Mbinga mjini, ikiwa ni ya kweli, ina 925. Kwa hiyo bibi harusi wa siku hizi anamzidi Kaisari kwa sehemu nane tu.

Sarafu hiyo haikupanda milima ya Umatengo, huku Mbinga, ikiwa pambo. Ilipandishwa na kodi. Kabla yake, chuma cha kung'aa kilichofika huku kilikuwa masango, yaani waya nene za shaba ambazo misafara ya kutoka Kilwa ilizibeba pamoja na vitambaa ili kubadilishana kwa pembe na, kwa aibu ya wote, kwa watu. Masango yalikatwa, yakazungushwa mkononi na mguuni. Fedha ilikuwa mali ya pwani.

Huko pwani masonara walikuwa na mtindo wao wa siku nyingi: hawakutafuta mgodi, walitafuta sarafu. Sarafu inajulikana uzito, inajulikana usafi, na mteja anaihesabu mwenyewe kabla haijaingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Riale ya Maria Theresa, ile inayoandikwa mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka 100 baadaye, ina gramu 28 na ushee na usafi wa 833. Ziliyeyushwa Unguja, Lamu na Muscat zikawa vikuku, bangili, hirizi na pete. Pete zilihitajika sana kwa wanaume wa Kiislamu, kwa sababu dhahabu hawaruhusiwi kuvaa, ila fedha ruksa. Mtume mwenyewe alikuwa na pete ya fedha aliyopigia muhuri barua zake. Rupia za India zilipita moto huohuo, na Mjerumani alipopiga rupia yake kwa uzito uleule wa India, alikuwa amewaletea masonara malighafi nyingine bila kujua.

Turudi mlimani. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini serikali ilichokitaka hasa ni sarafu, kwa kuwa anayetafuta sarafu hana budi kwenda kumfanyia mtu kazi. Wamatengo walikuwa wamezoea kujificha kwenye mapango ya Litembo wakati wa mashambulizi ya Wangoni, na mlima huo ndio uliowapa jeuri ya kumkatalia mtoza kodi. Mwaka 1902 walipigana na Wajerumani hapohapo Litembo. Mishale na mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki, na watu wengi walikufa. Fanya hesabu: rupia tatu ni kama gramu 32 za fedha safi. Inatosha pete nyembamba nane au tisa. Kwa mzigo wa kiganja kimoja mlima mzima ulimwaga damu.

Pete yenyewe, ile ya ndoa, ililetwa na misheni. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka uliofuata, na baadaye wakapanda Litembo. Kwa ibada ya Kilatini ya zamani padri alibariki pete moja tu, ya bibi arusi. Bwana arusi alitoka kanisani na vidole vitupu. Kubariki pete zote mbili kumeingia katika ibada ya ndoa iliyotolewa Roma mwaka 1969. Ndiyo maana ukikuta picha ya zamani ya harusi ya babu na bibi, usimhukumu babu kwa haraka. Wakati huo kitu kikubwa cha fedha ambacho mkulima wa kawaida alikiona kwa karibu kilikuwa kalisi mikononi mwa padri, nje nyeupe, ndani imepakwa dhahabu.

Vita vya 1914 vilipoanza, risasi za kwanza za Ziwa Nyasa zililia Liuli, pale meli ya Uingereza ilipoishambulia meli ya Kijerumani iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Miaka michache baadaye rupia ilipigwa marufuku, na hapa ndipo hadithi ya pete inaponoga, kwa sababu watu wa milimani na watu wa ziwani walijikuta wakishika fedha za aina mbili tofauti kabisa.

Waliovuka ziwa kwenda Nyasaland kutafuta kazi walilipwa kwa sarafu za Uingereza. Shilingi ya Uingereza iliyopigwa kabla ya 1920 ilikuwa ya kiwango cha sterling, 925 kamili, kiwango ambacho Mfalme Edward wa Kwanza alikiwekea sheria mwaka 1300 alipoamuru vyombo vya fedha vya London vipigwe chapa ya kichwa cha chui. Gramu tano na nusu hivi, pete nzima imo ndani ya shilingi moja. Wengine walikwenda upande wa pili kabisa, manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na kutoka huko walirudi na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima. Simba huyo alikuwa mrembo kuliko mfalme wa London, lakini kati ya mwaka 1921 na Vita vya Pili usafi wake ulikuwa 250 tu. Katika gramu karibu nane, fedha safi haikufika mbili. Ikichakaa, weupe wa juu unatoka na umanjano unachungulia. Baada ya vita hata hiyo robo iliondolewa, ikabaki shaba na nikeli.

Kwa maoni yangu, huo ndio wizi wa kimyakimya zaidi kuliko kodi yenyewe: jasho ni lile lile, simba ni yule yule, fedha imepungua.

Sasa 925 ni nini? Fedha tupu ni laini mno. Ukiivaa ukalima itapinda. Kwa hiyo sehemu 75 huwa shaba, ya kuipa nguvu. Hata hivyo si chuma. Mwangalie mama aliyelima ngoro, yaani mashimo ya kilimo cha Wamatengo, kwa miaka: mume anakata nyasi na kuzipanga kwa mistari, mke anafukia kwa udongo. Pete yake juu ya kidole bado nene, na ukigeuza kiganja unaikuta imekuwa nyembamba kama uzi, imeliwa na mpini wa jembe. Ikifika hapo ni ya kupeleka kwa sonara aongezee fedha kabla haijakatika shambani, maana pete iliyodondoka kwenye ngoro utaipata msimu ujao, au usiipate.

Weusi ni jambo jingine. Watu hudhani pete ikiwa nyeusi ni ya bandia, au mvaaji ana ugonjwa, au amerogwa. Hapana. Fedha hushikana na salfa, ikatengeneza utando mweusi. Mayai, vitunguu, moshi wa makaa ya mawe na hata mipira ya kufungia hela ina salfa. Wakulima wa korosho wa Tunduru wanaopuliza salfa dhidi ya ubwiri unga wanaijua vizuri: ingia shambani na pete nyeupe, utatoka na pete ya rangi ya sufuria ya kuni. Sumu za kahawa zenye mrututu haziigeuzi kwa kasi hiyo, lakini vumbi lake hujikusanya chini ya pete na kuwasha ngozi, kwa hiyo ivue tu.

Kuisafisha, acha dawa ya meno na majivu. Vyote viwili vinakwaruza. Chukua sufuria kuukuu ya aluminiamu, tia maji ya moto na kijiko cha magadi ya kuokea, weka pete iguse chuma cha sufuria. Baada ya dakika chache utasikia harufu kidogo ya yai viza. Hiyo ni salfa ikiihama fedha kwenda kwenye aluminiamu. Suuza, futa kwa kitambaa laini cha pamba. Pete yenye akiki au lulu usiitumbukize, gundi huachia. Na ile iliyovaliwa kila siku haihitaji hata hayo, kwa kuwa msuguano wa ngozi huizuia kuwa nyeusi.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa wateja wa huku. Pima kidole mahali unapokaa. Litembo mwezi wa Juni na Julai kuna baridi kali, vidole husinyaa na pete hutoka yenyewe ukinawa. Shuka Mbamba Bay, ziwa lipo kama mita 475 tu juu ya bahari, joto linavimbisha vidole na pete ile ile inabana. Ikikwama, paka sabuni na inua mkono juu. Ikigoma, pitisha ncha ya uzi chini ya pete, zungushia uzi uliobaki kuanzia kwenye pete kuelekea ncha ya kidole, kisha fungua uzi kwa kuvuta ile ncha iliyopita chini ya pete, nayo pete itatoka nao. Ikishindikana na kidole kikianza kuwa cha bluu, pete ikatwe. Sonara ataiunga tena kwa nusu saa.

Msimu wa malipo ya kahawa, meza za pete hujaa sokoni. Beba sumaku ndogo. Fedha haivutwi nayo, ingawa shaba iliyopakwa fedha nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku inakamata waongo wa chuma tu. Tafuta chapa ya 925 kwa ndani, kisha mwombe muuzaji aipime kwenye mizani na akutajie bei kwa gramu. Akikuambia pete haipimwi, rudisha.