Tairi, Upepo na Mchanga wa Usukuma

Anayeendesha baiskeli kutoka Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui wilayani Kishapu, hupita juu ya udongo wa kila namna katika safari moja. Kwenye miteremko ya vilima kuna luseni, mchanga mwepesi unaomeza gurudumu. Chini zaidi mteremkoni ni itogolo, wenye mchanga juu na tabaka gumu ndani. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua. Wasukuma walikuwa na majina hayo kabla Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, hajaeleza kisayansi mpangilio wa aina hiyo mwaka 1935.

Juu ya ardhi hiyo baiskeli ilienea kwa fedha za pamba. Wakulima waliuza kupitia vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mavuno yalipolipa, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Ilibeba ndoo za maji, magunia, kuku wa mnadani na wagonjwa. Baadaye mjini Shinyanga ikawa chombo cha abiria, na watu wakaiita daladala.

Mchanga nao ulizidi. Miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba, mvua zikasomba udongo wa juu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI kurejesha uoto, ukitegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho.

Kwingine duniani waendeshaji walisumbuliwa na ardhi laini vilevile. Mwaka 1987 huko Alaska yalianza mashindano ya baiskeli juu ya theluji, na mafundi wakaunganisha ringi mbili kupata gurudumu pana. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Marekani ilileta sokoni Pugsley, yenye tairi za inchi 3.7. Leo baiskeli za namna hiyo hupita fukwe ambako tairi za kawaida huzama.

Siri yake ni upepo kidogo ndani ya tairi kubwa. Upepo ukipungua kwa nusu, sehemu ya tairi inayogusa ardhi hukaribia kuongezeka maradufu. Uzito hutandazwa na gurudumu huelea. Tairi ya baiskeli ya kawaida kama Phoenix, inchi moja na nusu tu, haina nafasi hiyo: ikilegezwa sana, ringi hugonga mawe na tyubu hutoboka.

Kwa hiyo Usukumani kazi ya tairi pana hufanywa na mwendeshaji. Hupunguza upepo kidogo, hupiga pedeli bila kukatiza, hulegeza mikono kwenye usukani, na mzigo huufunga chini kwenye keria ili baiskeli isiyumbe. Mchanga unapozidi, hushuka akakokota.

Huo ni ujuzi wa usafiri, na unastahili nafasi katika mipango ya barabara. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini baiskeli haihitaji petroli. Halmashauri inapochonga barabara ya kijiji, iache pembeni njia ya udongo ulioshindiliwa, hata kama ni nyembamba. Kwa mkulima mwenye gunia, njia hiyo itamfaa kuliko tairi yoyote ya kigeni.