Mali ya Mzee Asiyejionyesha

Katika vijiji vya Gwata, na katika nchi yote inayoenea kati ya Kibaha na Kisarawe, liko jambo ambalo ukoo hulitambua kwa kuchelewa. Mzee huishi katika nyumba ya miti na udongo, huvaa kanzu ile ile mwaka baada ya mwaka, huenda shamba kwa miguu na jembe begani, wala halalamiki. Wapwa na wajukuu wanaotoka Dar es Salaam humletea sukari na sabuni kwa huruma, wakimhesabu miongoni mwa wahitaji. Siku ya kumaliza tanga, jamaa wanapoketi mkekani kutaja alichoacha marehemu, hesabu hubadilika. Hutajwa minazi ya upande ule, mikorosho ya ng'ambo ya kijito, miembe ya zamani, shamba la bondeni, na wadeni ambao hawakuwahi kudaiwa hadharani. Ndipo waliomhurumia hujiona wadogo.

Wengine husema mzee wa namna hiyo alikuwa bahili, na wengine humdhania mambo mabaya zaidi. Hukumu hizo hutolewa upesi kwa kuwa historia haikuulizwa. Watu wa Uzaramo walifundishwa kunyamaza juu ya mali zao, na waliowafundisha walikuwa wengi.

Utajiri wa kwanza wa nchi hii uliojulikana ng'ambo ulikuwa umefichwa na ardhi yenyewe. Ni sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogandishwa udongoni kwa miaka mingi. Katika karne ya kumi na tisa Wazaramo waliichimba kwa majembe na kuipeleka pwani, nayo ikapita Unguja hadi Salem katika Marekani na Hamburg katika Ujerumani, ikatengenezwe vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika habari za uchimbaji huo. Juu ya ardhi msafiri aliona vichaka na vibanda tu, kumbe mali ilikuwa chini ya nyayo zake. Lakini zama hizo zilikuwa pia zama za misafara na biashara ya watumwa, na mtu aliyeonyesha alichonacho alijiita mwenyewe mbele ya mnyang'anyi.

Ulipokuja utawala wa Kijerumani, somo likawa gumu zaidi. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, na kwa kuwa zilihesabiwa nyumba, watu walijifunza kubanana katika chache. Kuanzia mwaka 1902 mashamba ya pamoja ya pamba yaliamriwa katika wilaya ya Dar es Salaam, na raia walilimishwa kwa malipo yasiyolingana na jasho lao. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Uzaramo nayo iliguswa, na kiongozi wake Kibasila akanyongwa. Baada ya hayo ni nani angejenga nyumba kubwa kando ya barabara ili akida aione?

Hata fedha yenyewe iliwasaliti watu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kijerumani ilikatwa na Ulaya, ikachapa noti za muda kwa haraka, na mwaka 1916 ikapiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mjerumani aliposhindwa, mwenye kibunda cha noti zile alibaki na karatasi, bali aliyefukia rupia za fedha katika chungu alikuwa bado na madini mkononi. Katika mwaka 1920 na 1921 rupia nayo ikaondolewa, ikaingia florini na kisha shilingi. Katika maisha ya mtu mmoja, serikali mbili zilikuja na fedha tatu zikapita. Mnazi haukubadilishwa.

Ndiyo maana mali ya mzee wa Pwani ilikaa katika miti. Kwa desturi ya pwani mti una mwenyewe, na huweza kurithiwa, kuwekwa rehani au kuuzwa mbali na ardhi uliposimama. Aliyepanda minazi kumi kwa kila mtoto aliyezaliwa aliweka akiba isiyohitaji kufuli. Mikorosho ikafuata, ikaenea sana pwani kabla na baada ya Uhuru, hata katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Mgeni aliona pori. Mwenyewe alijua kila shina na mwaka lilipopandwa.

Majaribu hayakwisha na kuondoka kwa wakoloni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maneno kama kupe na mnyonyaji yalimfanya mwenye mali hata ya halali awe mwangalifu. Operesheni ya vijiji, iliyotakiwa kukamilika mwaka 1976, iliwahamisha wengi mbali na mikorosho yao. Mbali huko majani yalisonga mashina, bei ya zao ikavunja moyo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi yalishuka chini ya tani 17,000. Katika operesheni ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mzee aliyeyaona yote hayo hakuhitaji kuambiwa afunge mdomo.

Historia ya Kilutheri katika Uzaramo imepita njia hiyo hiyo. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Kisarawe kilianzishwa mwaka 1892 na cha Maneromango mwaka 1895, na mwaka 1903 kazi yote ikakabidhiwa kwa Misioni ya Berlin. Kwa macho ya nje, hazina ya kazi hiyo ilikuwa Berlin. Vita vikaja, wamisionari wakaondolewa, na msaada kutoka Ulaya ukakatika. Ndipo akaonekana Martin Ganisya, mwalimu aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye pamoja na walimu wenzake Waafrika alizishika sharika. Kanisa lililodhaniwa maskini likatambua kwamba akiba yake ilikuwa imeketi siku zote kwenye viti vya nyuma.

Biblia inao mzee wa namna hiyo. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na uanafunzi wake aliuficha kwa hofu, lakini siku ya maziko alitokea na kaburi alilojichongea mwenyewe. Katika sharika, siku ya mavuno huonyesha mfano wake. Baada ya ibada, kuku, mayai na mikungu ya ndizi hunadiwa nje ya kanisa, wenye sauti hutajana majina, na mara nyingi anayemaliza mnada ni yule mzee wa viatu vya raba, anayelipa, kisha akarudisha kitu alichonunua kinadiwe tena.

Hata hivyo ukimya huo una gharama yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka hatimiliki ya kimila, lakini wazee wengi wameendelea kutegemea mipaka ya kichwani: mwembe ule, kichuguu kile, njia ya zamani ya kwenda Ruvu. Dar es Salaam imepanuka kuelekea Kibaha na Kisarawe, na treni za reli mpya ya kwenda Morogoro zilianza kubeba abiria mwaka 2024. Mthamini anapokuja na karatasi zake, huhesabu miti na kuuliza mwenyewe ni nani. Ikiwa aliyejua yuko kaburini, ajibuye kwanza ndiye huandikwa, na mjane aliyepalilia miti ile miaka arobaini huweza kukosa hata shina moja. Vivyo hivyo kiwanja kilichotolewa kwa Bwana kwa neno la mdomo huweza kudaiwa na mjukuu ambaye hakulisikia neno hilo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi miaka mia inapoadhimishwa, heshima kwa wazee haitoshi kuwa ya hotuba. Wazee walificha kwa sababu zilizo wazi, nao hawastahili lawama. Waliobaki wanao wajibu wa kuketi nao wangali hai, kutembea nao shambani, kuuliza mti huu ni wa nani na ulipandwa kwa ajili ya nani, na kuyaandika majibu mbele ya mashahidi, mke akiwapo. Atakayekwenda kwa mjomba wake Gwata na mfuko wa sukari na aendelee kuupeleka, lakini achukue na daftari. Na Bwana, aonaye sirini, awabariki wazee waliopanda bila kutangaza, na awape watoto wao macho ya kuona mapema.