Sheikh Al-Amin Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ulioutawala mji huo mpaka Seyyid Said, sultani wa Omani, alipouangusha mwaka 1837. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, mwanachuoni mashuhuri, alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Al-Amin akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir, maulamaa walioendewa na wanafunzi wa pwani nzima.

Aliposhika ukadhi wa Mombasa mwaka 1932, Waingereza walikuwa wameshaibana mahakama ya kadhi. Jinai ilikuwa ya serikali. Kadhi alibakiwa hasa na ndoa, talaka na mirathi. Hayo nayo si madogo. Nyumba moja ya mawe ya Mji wa Kale huachiwa warithi wengi: mjane mwenye watoto ana thumuni yake, binti ana nusu ya fungu la nduguye wa kiume, na hesabu ikikosewa, udugu huvunjika. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi kufa kwake mwaka 1947.

Lakini kazi yake kubwa zaidi aliifanya kwa kalamu. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, lililotoka kwa Kiarabu na Kiswahili. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida wa Cairo, na fikra za Rida za kurekebisha jamii zilimwingia sana. Aliwakemea Waislamu wa pwani kwa israfu ya harusi na matanga, kwa kuiga Wazungu bila kuchagua, na kwa kuzembea elimu, ya wasichana ikiwemo. Baadhi ya makala yake yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Kuandika dini kwa Kiswahili wakati wanachuoni wengi walishikilia Kiarabu kulikuwa uamuzi wa kijasiri, maana kuliwafikia hata wasiokaa darasani.

Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru na mahakama za kadhi zikahifadhiwa katika katiba. Tarikhi ya Wamazrui aliyoiandika Sheikh Al-Amin kwa Kiarabu ilichapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.