Osteoporosisi (udhaifu wa mifupa)

Osteoporosisi ni ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kupata vitundu vingi ndani, hata ikavunjika kwa kishindo kidogo. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni inayolinda mfupa hushuka ghafla. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani huutambua kwa alama ya T (T-score) ya msongamano wa mfupa iliyo −2.5 au chini yake. Mashine ya kipimo hicho, DXA, ni adimu katika hospitali za wilaya Tanzania.

Ugonjwa hauumi mpaka mfupa uvunjike. Mara nyingi huwa ni nyonga, kifundo cha mkono, au pingili za mgongo. Pingili zikibonyea, bibi hufupika na kuota kibiongo, na nyumbani husemwa ni uzee tu. Dhana hiyo ndiyo kikwazo kikubwa cha uelewa.

Katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, hasa Newala, uhaba wa maji uliwafanya wanawake wa vizazi vingi kushuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Kazi ya kubeba huimarisha mfupa ungali mzima; ukishadhoofika, kuinama na kujitwika ndoo ya lita 20 kunaweza kuvunja pingili. Kwa hiyo bibi wa Masasi, jirani na Newala, anayefika Hospitali ya Mkomaindo amevunjika kifundo cha mkono baada ya kuteleza uani anahitaji kuchunguzwa mifupa, si kufungwa plasta pekee. Kwa upande wa kinga, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huongeza kalisi, madini yanayojenga mfupa.