Mtumbwi wa Ssese, jahazi la plastiki

Mwaka 2021 jahazi la plastiki kutoka Lamu lilisafiri katika Ziwa Victoria. Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lilijengwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za taka zilizoyeyushwa, likashushwa majini 2018. Mkuku, mataruma na mbao zake vilichongwa kama vya jahazi lolote. Tofauti imo ndani. Mti ni nyuzi za selulosi zilizoshikwa na lignini, na nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Plastiki tupu haina nyuzi hizo. Mzigo inaoumudu leo unaweza kuipinda baada ya miaka, hasa penye joto.

Waingereza walishika njia nyingine, ya kuipa plastiki nyuzi. Mwaka 1973 jeshi lao la majini lilipokea HMS Wilton, manowari ya kwanza duniani ya nyuzi za kioo na resini, ukoo mmoja na boti za faiba unazoweza kupanda Jinja. Kioo hakilegei kirahisi. Resini hulegea, na maji yakiipenya huidhoofisha kidogo kidogo hadi ganda linatoka malengelenge. Dawa ya Waingereza ni hesabu ya mapema: kuta nene, mzigo mdogo kuliko uwezo. Wilton ilitumika hadi 1994, kisha ikawa makao ya klabu ya mashua huko Essex.

Mafundi wa visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, sawa na wale wa mtepe, chombo cha kushonwa cha Lamu, hawakudai chombo kisichochoka. Walishona mbao kwa nyuzi za mimea. Mshono ulipolegea, ulikatwa ukashonwa upya. Uchakavu ulikaa mahali mkono unapofika. Faiba haina mshono wa kufumua: fundi huparura, hukausha na kupaka tena, bila kuona kilicho chini. Hapo nawapa ushindi washonaji, ingawa vyombo vyao vilivuja, na kufua maji ilikuwa sehemu ya safari.

Nchi kavu jambo ni lilelile. Mtaani Nkoma, Mbale, kama kwingineko mjini, tangi jeusi la plastiki la maji huwekwa juu ya kichanja cha mbao. Weusi ule ni kaboni, kinga dhidi ya jua. Hauzuii kitako kubonyea katikati ya mbao zilizoachana. Lita 1,000 ni tani nzima, usiku na mchana. Ukinunua tangi, litandikie mbao zilizobanana au zege bapa.