Sanduku la Mzazi: Nasaba, Nyaraka na Ukimya katika Maniema ya Kusini

Historia ya familia nyingi za Maniema ya kusini, yaani eneo la Kasongo na Kabambare lililo mashariki mwa Kongo kati ya mto Lualaba na milima inayopakana na Fizi, imehifadhiwa kwa kiasi kikubwa katika vitu vidogo ambavyo wazazi huviweka chini ya nguo ndani ya sanduku na ambavyo watoto hukutana navyo baada ya matanga: kitabu cha utambulisho cha enzi ya Wabelgiji, kadi ya chama, hirizi iliyoshonewa ngozini, tasbihi, au picha ya kijana aliyevaa sare ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Katika mji kama Salamabila, uliokua kando ya mgodi wa dhahabu wa Namoya na kukusanya watu wa asili mbalimbali, vitu hivyo mara nyingi ndivyo ushahidi pekee wa mahali baba alikotoka kabla ya kuitwa baba. Jambo linalostahili kuchunguzwa kwa makini ni kwamba wazazi hao waliyanyamazia mambo yao ya zamani na papo hapo wakatunza ushahidi wake. Kuchoma karatasi ni kazi ya dakika moja. Aliyeificha kwa miaka 30 bila kuichoma alikusudia isomwe siku moja, ila isisomwe na mtu asiyefaa wala katika wakati usiofaa.

Sababu ya kwanza ya ukimya huo ni ya karne ya 19. Wafanyabiashara kutoka Unguja, Tabora na Ujiji, waliokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, walijenga vituo vikubwa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na kuzunguka vituo hivyo kukazuka jamii mpya ya watu waliojiita waungwana, jina ambalo pwani lilimaanisha watu huru wenye nasaba, lakini ambalo huku bara lilichukuliwa pia na mateka waliolelewa katika nyumba za mabwana wao, wakasilimu, wakajifunza Kiswahili, wakashika bunduki na kulima mpunga. Mtoto aliyetekwa katika kijiji kilichochomwa alipewa jina jipya, akakua kama mtu wa nyumba ya fulani, akaoa na kuzaa, na wajukuu wake wakarithi jina la ile nyumba bila kurithi habari za kijiji. Kusema hadharani kwamba babu alinunuliwa kulikuwa ni kumvunjia heshima yeye na kuwapunguzia watoto haki katika ndoa na mirathi, kwa hiyo habari ilikatwa, na kilichobaki kikawa jina la Kiislamu, hirizi, au mwiko wa chakula ambao nyumba nyingine za mtaa huohuo hazikuujua.

Hata mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi hiyo alielewa thamani ya nasaba iliyopotea. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alieleza katika maisha yake, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, namna alivyojipatia utawala wa Utetela kabla ya kuhamia Kasongo: alipopata habari kwamba mtawala mzee wa huko alikuwa na dada waliotekwa zamani, alidai kuwa bibi yake mwenyewe alikuwa mmojawapo wa dada hao, na yule mzee, aliyekuwa amewangojea ndugu zake kwa miaka mingi, akampokea kama mjukuu na kumwachia nchi. Kisa hiki kinamfaa kila anayefungua sanduku la mzazi wake, kwa sababu kinaonyesha kwamba pengo katika nasaba huvutia hadithi ya kulijaza, na kwamba uchungu wa aliyepoteza ndugu unaweza kutumiwa na mtu anayejua kusimulia vizuri.

Karatasi za jamii hiyo hazikukosekana, kwani waungwana na mabwana wao waliandikiana barua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wakaandika hati za madeni na mikataba. Zilitawanywa na vita. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, ambayo ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 chini ya Francis Dhanis, likateka Kasongo tarehe 22 Aprili, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Ndani ya Kasongo washindi walikuta vitu vya Emin Pasha, mtawala wa zamani wa Ikwatoria aliyeuawa Oktoba 1892, yakiwemo madaftari yake ya kumbukumbu, na wakayapeleka Ulaya. Lippens na De Bruyne, wanajeshi wawili wa dola hiyo waliouawa Kasongo mwezi Desemba 1892, walijengewa sanamu mwaka 1900 katika mji wa Blankenberge ulioko pwani ya Ubelgiji. Waliokufa upande wa pili hawakupata hata jiwe lenye jina, na barua zao, zile zilizookolewa, zimelala katika hifadhi za Ubelgiji, ambako Xavier Luffin wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels amezisoma na kuzichapisha. Mtu wa Kasongo anayetafuta saini ya babu wa babu yake anaweza kuipata huko haraka kuliko katika mji wake mwenyewe, na hali hiyo ni dhuluma ambayo kuchapishwa kwa nakala hakuiondoi.

Miongoni mwa maandishi yaliyotoka katika nchi hiyo, moja linaonyesha kwa namna ya pekee jinsi yaliyofichika yanavyoweza kurudi. David Livingstone, aliyelazwa na vidonda vya miguu kwa miezi mingi huko Bambarre, mahali panapohusishwa na Kabambare ya leo, aliishiwa karatasi na wino, na mwaka 1871 akaanza kuandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, The Standard, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko. Wino ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki, mpaka kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipoyapiga picha kwa mianga ya rangi tofauti na kuyatoa mwaka 2011. Ndipo ilipowezekana kulinganisha aliyoyaandika siku zilezile, pamoja na mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, na aliyoyanakili baadaye katika daftari safi, na ikaonekana kwamba nakala haikubeba kila kilichokuwa katika karatasi ya kwanza. Wazazi wa Maniema nao walitoa nakala safi ya maisha yao kwa watoto, na karatasi ya kwanza wakaiacha sandukuni.

Karatasi ya kwanza yenyewe, kwa familia nyingi, ni ya serikali ya kikoloni, ambayo watu waliita Bula Matari. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 iliwafunga wenyeji katika himaya za machifu waliotambuliwa na serikali, na anayetaka kukaa nje ya himaya yake kwa muda mrefu alilazimika kupata ruhusa. Baadaye kila mwanamume mzima alitakiwa kuwa na kitabu chake cha utambulisho, ambacho kiliandikwa jina, kijiji, chifu, kodi zilizolipwa, kazi na ruhusa za kusafiri. Anayekisoma leo anapaswa kuanzia kwenye mihuri kabla ya majina, kwa kuwa jina liliandikwa kama karani alivyolisikia, na mtu aliyekimbia deni au kazi ya lazima aliweza kubadilisha jina, ilhali mfululizo wa mihuri ya kodi huonyesha mtu alikuwa wapi mwaka hadi mwaka. Mwaka bila muhuri ni swali. Huenda aliugua, huenda alifungwa, huenda alikimbilia msituni kukwepa kilimo cha pamba, zao ambalo serikali ilianza kulilazimisha mwaka 1917 na ambalo Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulibeba. Huenda pia alikuwa mgodini au jeshini. Baba ambaye hakupenda pamba itajwe nyumbani huanza kueleweka hapo.

Kitabu hicho kilikuwa cha wanaume, na kasoro hiyo ni kubwa. Mama haonekani ndani yake ila kama mke, na mke wa pili mara nyingine haonekani kabisa, hasa baada ya mwaka 1948, serikali ilipoanza kutoa kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongo iliowahesabu kuwa wamestaarabika, kadi ambayo mwenye wake wengi hakustahili kuipata. Katika nchi yenye Waislamu wengi kama Kasongo, sharti hilo liliweka familia nzima nje ya maandishi, na mtoto anayekuta kadi ya namna hiyo katika vitu vya baba yake ana haki ya kuuliza ni nani aliyeachwa au kufichwa ili ipatikane. Habari za mama hutafutwa kwingine: katika majina aliyowapa watoto, maana desturi ya kumpa mtoto jina la bibi au babu hurudisha ukoo wa upande wa mama bila kelele, na katika shanga, vitenge na mikeka aliyokuja nayo siku ya arusi.

Jirani za watu wa Kasongo, Walega wa Pangi, walikuwa na njia yao ya kuhifadhi ukoo, katika chama cha bwami, ambamo mtu alipanda daraja kwa daraja kwa malipo na mafunzo. Vinyago vidogo vya pembe na vya mti vya chama hicho vilipokezanwa kutoka kwa aliyefariki kwenda kwa mrithi wake, na kila kimoja kilikumbusha waliokishika. Serikali ilipokivunja chama hicho mwishoni mwa miaka ya 1940, vingi vilifichwa, na vingi zaidi viliuzwa, hivi kwamba kumbukumbu za marehemu wa Pangi sasa zinatazamwa katika vioo vya majumba ya makumbusho na watu wasiojua majina yao.

Ukimya wa karibu zaidi, na unaouma zaidi, ni wa miaka ya 1960. Maniema ilikuwa ngome ya chama cha MNC cha Patrice Lumumba, na baada ya Lumumba kuuawa Januari 1961 kadi ya chama hicho iligeuka kuwa hatari kwa mwenye nayo. Mji wa Kindu ulipoingia mikononi mwa waasi wa Simba Julai 1964, vijana wa Kasongo na Kabambare walijiunga nao kwa wingi, wengine kwa imani na wengine kwa kulazimishwa, wakachanjwa chale na kupakwa dawa iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Jeshi la serikali na mamluki waliuchukua tena mji huo Novemba mwaka huohuo, na kisasi kikafuata. Upande wa Fizi mapigano yaliendelea kwa miaka. Walionusurika walirudi mashambani, wakakana chama, na mwaka 1972, Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, baadhi walipata nafasi halali ya kuacha jina ambalo askari walikuwa wamelisikia. Chale hazikuweza kubadilishwa. Kwa hiyo watoto waliokua wakiziona mwilini mwa baba, na kuambiwa ni za ugonjwa wa utotoni, waliishi karibu na hati ambayo hawakujua kuisoma, na kadi iliyokunjwa ndani ya Kurani au kitabu cha sala ndiyo iliyowapa maana yake baadaye.

Salamabila ya leo inaongeza haraka katika kazi ya kuvisoma vitu hivi vya wazazi. Mgodi wa Namoya, uliochimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, ulianza tena uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada, ukasimamishwa mwaka 2019 baada ya mapigano kati ya jeshi na makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai, na katika miaka hiyo familia zilikimbia nyumba zao zikibeba watoto, masufuria na magodoro. Sanduku la karatasi kuukuu si kitu cha kwanza kubebwa. Wanaakiolojia na wanahistoria waliofanya kazi Kasongo, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity, waliunganisha uchimbaji wa kiakiolojia na masimulizi ya wenyeji, na njia hiyo inafaa pia kwa nyumba moja moja: kitu kioneshwe kwa mzee aliye hai, mwanamke kwa mwanamume, na maelezo yaandikwe pamoja na jina la msemaji na la ukoo wake. Kijana wa miaka 18 aliyechanjwa mwaka 1964 amekaribia miaka 80, na kadi zinazobaki baada yake zitasomwa na watu ambao hawatakuwa na wa kumuuliza.